Kayabo kutoa wekundu: hawa wadudu wanaishije kwenye chumvi inayotakiwa iwaue?

Darubini_Kirumba (mwanzisha uzi)

Wakuu, kila masika yakikolea swali pale Mwaloni, soko letu la samaki la Kirumba, Mwanza, ni lile lile. Kayabo, yaani sangara wa kukaushwa kwa chumvi, imekaa kwenye viroba, chumvi imekolea mpaka inang'aa juu ya nyama, halafu ukifungua unakuta samaki ana rangi ya waridi, sehemu nyingine nyekundu kabisa. Ukigusa panateleza. Mnunuzi wa Kongo akiona hivyo anashusha bei papo hapo au anahamia kwa mwenzako.

Sababu zinazotajwa ni nyingi. Wapo wanaosema ni damu iliyobaki, wapo wanaosema chumvi imechakachuliwa, na wapo wanaotaja jirani kwa jina. Kazi yangu ni ya maabara, kwa hiyo naweka hapa ninachokijua, nanyi mnaoifanya biashara yenyewe mjazie au mnipinge.

Ule wekundu ni viumbe hai, wadogo kwa kiasi cha bakteria, mamilioni kwa mamilioni. Na mara nyingi wameingia kwa samaki wako wakiwa ndani ya chumvi yenyewe.

Kwanza tuone chumvi inamfanya nini mdudu wa kawaida. Kata kitunguu cha kachumbari, nyunyiza chumvi, kiache kidogo: bakuli linajaa maji na kitunguu kinalegea, kwa sababu maji yametoka ndani yakafuata chumvi nje. Bakteria naye ni kifuko cha maji chenye utando. Kwenye chumvi kali anapoteza maji, shinikizo la ndani linashuka, vimeng'enya vyake (protini zinazoendesha kazi za mwili) vinakwama, anaacha kukua. Wengi hawafi siku hiyo hiyo, wanasimama tu. Wale wanaoozesha samaki mbichi wanashindwa mapema, na hata yule wa botulizimu, sumu kali ya chakula, anayeogopwa na viwanda vya makopo huzuiwa chumvi ikifika asilimia 10 hivi. Maji yakijazwa chumvi mpaka yasiyeyushe tena, yaani kama gramu 360 kwa lita moja, karibu kila mdudu anayekula samaki amenyamaza.

Sasa wapo waliojifunza kuishi humo, na mbinu zao kubwa ni mbili.

Ya kwanza ni kuizuia chumvi ibaki nje, na ndani kujaza kitu kingine cha kushikilia maji. Hata bakteria wa utumbo kama E. koli anajua hili kwa kiasi chake. Chumvi ikipanda ghafla, ndani ya dakika chache anavuta potasiamu kwa nguvu. Hiyo ni huduma ya kwanza tu, maana potasiamu ikizidi inavuruga kazi za ndani. Baadaye anaitoa taratibu na kuweka mahali pake molekuli ndogo zisizoingiliana na vimeng'enya: betaini, prolini, sukari iitwayo trehalosi, na kwa wataalamu wa chumvi hasa, ektoini. Akikuta betaini tayari kwenye chakula alichokikalia, anaiokota, kwa sababu kujitengenezea mwenyewe kunamla nguvu nyingi.

Ektoini ilitangazwa mwaka 1985, kutoka kwa bakteria wa maziwa ya magadi ya Wadi Natrun, Misri. Siku hizi inatoka kiwandani kwa bakteria aitwaye Halomonas elongata. Wanamkuza kwenye chumvi nyingi mpaka ajae ektoini, kisha wanamwingiza ghafla kwenye maji yenye chumvi kidogo. Maji yanataka kumvamia apasuke. Kwenye utando wake kuna vilango vinavyofunguka vyenyewe utando ukivutika kupita kiasi, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na ektoini inamwagika nje. Wanaikusanya, yeye wanamrudisha kwenye chumvi akajaze tena. Hiyo ektoini ndiyo inaishia kwenye mafuta ya ngozi ya bei mbaya na kwenye matone ya macho.

Mbinu ya pili ndiyo ya kwenye kayabo, na kwangu ndiyo ya ajabu zaidi. Hawa hawahangaiki kutafuta molekuli za gharama. Wanajaza chumvi ya potasiamu ndani ya mwili mpaka ukali wa ndani ulingane na wa nje, na sodiamu wanaisukuma itoke. Ni rahisi kwa nguvu, ila ina masharti: kila protini ya mwilini lazima iwe imeumbwa kufanya kazi kwenye chumvi. Protini zao zimejaa asidi amino zenye chaji hasi kwa nje, ambazo zinakamata maji na kuyang'ang'ania hata chumvi inapoyagombea. Chumvi ikiondoka, chaji zile zinasukumana na protini inafumuka. Kwa hiyo kiumbe kama Halobacterium salinarum, anayestawi kwenye chumvi ya asilimia 20 hadi 25 (bahari ni 3.5 tu), ukimtumbukiza kwenye glasi ya maji ya ziwa letu anapasuka. Chumvi kwake ndiyo inayomshikilia mwili usiachane.

Kwa wanaopenda usahihi: kibaiolojia huyu si bakteria hasa, ni arkea, tawi lingine la uhai lililotenganishwa na mwanabiolojia Carl Woese na wenzake mwaka 1977. Alipewa jina lake kabla ya hapo na limebaki. Ila wapo bakteria kamili wenye mbinu hiyo hiyo ya kujaza chumvi ndani. Salinibacter ruber, aliyetangazwa mwaka 2002 kutoka mashamba ya chumvi ya Hispania, ni mmoja wao.

Karibuni.

Jiwe_la_Bismarck

Kwa hiyo jirani yangu hana hatia? Nilishamnunia mwaka mzima.

Mchuuzi_Igombe

Mkuu Darubini heshima kwako, lakini usiifute damu haraka hivyo. Mimi nimepasua sangara tangu sijaota ndevu. Samaki ambaye damu ya kwenye uti wa mgongo haikukwanguliwa ndiye anayeanza kubadilika, nimeona kwa macho. Na tena sangara mkubwa ndiyo mbaya zaidi, nyama yake nene chumvi haifiki katikati.

Darubini_Kirumba

@Mchuuzi_Igombe, mambo mawili tofauti yanaweza kumpata samaki mmoja, kaka. Damu iliyobaki inaganda na kwenda kahawia, na inakaa pale pale kwenye uti. Futa kwa kitambaa, haitoki. Wekundu ninaousema uko juu, kama ute, unaanza vidoa vidoa halafu unaungana. Mwanzoni ukifuta kwa kitambaa unatoka wote na nyama ya chini ni nyeupe. Ukiuacha, wana vimeng'enya vya kuvunja protini, nyama inalainika na harufu inaanza.

Hilo la unene umelisema vizuri kuliko mimi. Ndiyo maana kuchanja nyama kwa kisu kabla ya kuipaka chumvi si urembo. Chumvi inaingia pole pole, na katikati ya mnofu mnene panabaki pana maji na chumvi kidogo kwa muda wa kutosha wadudu wa kawaida wakafanya karamu. Yule anaozea ndani huku nje anapendeza.

Bi_Nyamagana

Habari zenu. Mimi mteja tu. Nikinunua nikakuta ina huo uwaridi kidogo, nikaosha nikapika, nitaumwa? Tunaomba jibu la kueleweka, tuna watoto.

Darubini_Kirumba

Dada, hao wekundu wenyewe hawajulikani kusababisha ugonjwa kwa binadamu. Mwili wako una chumvi ya asilimia 0.9, kwao huko ni jangwa la maji baridi. Lakini wekundu ni dalili kwamba samaki alikaa penye unyevu na joto, na hapo sijui nani mwingine alipita. Mimi nisingemnunua.

Nesi_Mstaafu

Hapo mwisho ndipo palipo na jambo, wanangu, naomba nipalie mkazo. Mnaogopa mwenye rangi, na anayelaza watu hana rangi wala harufu.

Kuna bakteria anaitwa Staphylococcus aureus. Anakaa puani kwa watu wengi wazima wa afya, anakaa kwenye majipu, na kwenye kidole kilichokatwa na kisu kikatunga usaha. Huyu anavumilia chumvi vizuri sana. Asilimia 10 anakua bila shida, na wengine wanapita hapo. Maabara tulikuwa tunamtega kwa tabia hiyo hiyo: sahani ya kuoteshea inatiwa chumvi asilimia 7.5 pamoja na sukari iitwayo manitoli. Wengi wengine wanashindwa kuota, yeye anaota na sahani inageuka njano. Mbinu yake ni ile ya kwanza ya Darubini, ya kujaza betaini na prolini ndani.

Sasa mpasuaji ana jipu mkononi, anashika samaki ambaye chumvi haijakolea, samaki anakaa na joto letu hili. Mdudu anakua na kuacha sumu kwenye nyama. Ukija kupika, mdudu anakufa, sumu haifi. Inastahimili kuchemshwa nusu saa. Saa moja hadi sita baada ya kula, nyumba nzima inatapika. Kwa hiyo Bi Nyamagana, kuchemsha hakufuti kila kitu. Muulize muuzaji wako anavyofunga vidonda vyake, asikasirike.

Mchuuzi_Igombe

Shikamoo mama. Hilo la vidonda ni kweli tupu, mwiba wa sangara ukikuchoma lazima patunge. Gloves zipo lakini vijana wanasema zinateleza.

Nesi_Mstaafu

Marahaba. Zikiteleza avae za kitambaa juu ya za mpira. Na mwenye jipu apewe kazi ya kupanga viroba hadi lipone.

Mwl_Sengerema

Nimefuata uzi huu kwa utulivu, nina swali la mtego kidogo. Vitabu vinasema Vibrio wa kipindupindu asili yake ni maji ya chumvi chumvi, pale mto unapokutana na bahari. Ziwa Victoria ni maji baridi, chumvi yake haifiki hata gramu moja kwa lita. Iweje basi kipindupindu kikilipuka, visiwa na mialo (fukwe za kushushia samaki) ndiyo ya kwanza kutajwa? Ama nadharia ina tundu, ama mdudu wetu ni mwingine.

Darubini_Kirumba

Mwalimu, hili nililisubiri.

Mdudu ni yule yule, Vibrio cholerae. Ndugu zake wengi wanadai chumvi. Vibrio parahaemolyticus, yule wa samaki wabichi wa baharini, kwenye supu ya maabara (maji ya lishe ya kuoteshea bakteria) isiyo na chumvi haoti kabisa. Wa kipindupindu anahitaji sodiamu pia, lakini kidogo sana, kiasi kwamba supu isiyoongezwa chumvi inamtosha. Hapo tayari ana pasi ya kuingia maji baridi.

Chumvi ikipanda anatengeneza ektoini mwenyewe, na akikuta betaini anaivuta. Ikishuka anazimwaga. Mkia wake wa kuogelea unazungushwa na sodiamu inayoingia ndani, tofauti na E. koli anayetumia chaji za haidrojeni, kwa hiyo bado ana kumbukumbu ya bahari mwilini. Ziwani anapata msaada wa ziada: anajibandika kwenye maganda ya vijidudu vidogo vinavyoelea majini, ambavyo dagaa huvila. Ganda la kijidudu ni kaitini, yeye anaila kaitini. Hali ikiwa ngumu kabisa anajikunyata, anakuwa hai lakini ukimwotesha maabara haoti, na hiyo inatusumbua sana sisi wapimaji.

Huko Bangladesh mwanasayansi wa bakteria Rita Colwell na wenzake walitumia tabia hiyo ya kujibandika. Mwaka 2003 walitoa matokeo kwamba kuchuja maji kwa kitambaa cha sari kilichokunjwa mara kadhaa kulipunguza kipindupindu kwa karibu nusu, maana kitambaa kinakamata vijidudu pamoja na abiria wao. Mdudu mmoja mmoja anapita, kwa hiyo kuchemsha na dawa ya klorini bado ni lazima.

Ila mwalimu, kinacholipua ugonjwa mwaloni ni kinyesi cha mgonjwa kuingia kwenye maji ya kunywa. Kambi za wavuvi zina watu wengi na vyoo vya kuhesabu. Chumvi ya ziwa ina sehemu ndogo sana katika hilo.

Mwl_Sengerema

Nimekubali kwa sehemu. Na hali hiyo ya mialo ndiyo iliyotufikisha Desemba 1997, Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wabichi wa ukanda huu kwa hofu ya kipindupindu, mpaka katikati ya 1998. Minofu ya sangara inapikwa, mdudu anakufa, lakini mtaani watu walikaa bila kazi.

Darubini_Kirumba

Ndiyo hivyo. Sasa hivi kuna maabara ya taifa ya ubora wa samaki pale Nyegezi, na minofu haivuki bila vipimo.

Dagaa_Ukara

Sisi wa dagaa hatutii chumvi, jua na chanja tu. Uzi huu hautuhusu, au?

Darubini_Kirumba

Unawahusu kidogo. Ninyi mnaondoa maji kwa jua badala ya kuyafunga kwa chumvi. Kwa bakteria ni shida ile ile ya kiu. Wekundu hamtauona. Wenu ni ukungu na mchanga.

Msafiri_Ngaresero

Nimeishi kule karibu na Ziwa Natron na nimeona maji mekundu kama ya kayabo yenu, kipindi cha kiangazi. Ni wadudu hao hao? Maana yale si chumvi ya kula, ni magadi, ukiweka mkono kwenye kidonda unaruka.

Darubini_Kirumba

Ukoo ni ule ule, tawi jingine. Natron wana mizigo miwili: chumvi, na ukali wa magadi ambao pH yake inapita 10. Mwenye kuishi humo lazima alinganishe maji kama wenzake, na juu ya hapo ahakikishe ndani yake hapageuki magadi. Wana pampu zinazotoa sodiamu na kuingiza chaji za haidrojeni ili ndani pabaki pa wastani. Ukimtoa hapo ukamweka kwenye maji ya kawaida ya bahari, wengi hawaishi.

Wale heroe wadogo wa Natron nao chakula chao kikuu ni bakteria, wa kijani-bluu, wa jamii ya spirulina inayouzwa kwenye makopo ya lishe. Rangi ya waridi ya manyoya inatokana na chakula hicho. Na mashamba ya chumvi ya Pwani, Lindi na kwingineko, maji yakikaribia kuganda chumvi yanakuwa mekundu kwa sababu hiyo hiyo ya viumbe vyenye rangi. Rangi inawakinga na jua kali. Wavunaji wengine duniani wanaipenda, maana maji ya rangi yanashika joto zaidi na kukauka haraka.

Bi_Nyamagana

Kumbe ile chumvi ya mawe ninayonunua inakuja nao?

Darubini_Kirumba

Ya kuanikwa juani kutoka bahari inaweza kuja nao, dada. Chukua punje kubwa, itazame kwenye mwanga kwa lenzi ya mtoto wa shule. Utaona ndani kuna ukungu mweupe na vitone vidogo. Vile vitone ni maji ya bahari yaliyonaswa punje ilipoganda, na wale wekundu wanaweza kukaa humo hai kwa muda mrefu sana. Sufuriani kwako wanaisha. Maji ya maharage yanawapasua kabla hata hayajachemka.

Mchuuzi_Igombe

Sasa ngoja. Kama maji baridi yanawapasua, si niwaoshe tu kwa maji ya ziwa nikaanike upya? Wapo wanaofanya hivyo na kayabo inarudi nyeupe.

Darubini_Kirumba

Inarudi nyeupe, ndiyo, na ndiyo hatari yake. Umewapasua wekundu, na wakati huo huo umeishusha chumvi ya juu ya nyama na kupaka maji ya ziwa yenye wadudu wake. Wale wa kawaida waliokuwa wamesimama sasa wana ruhusa ya kuendelea, pamoja na yule wa nesi. Wiki ya kwanza unauza vizuri, malalamiko yanakuja kutoka Lubumbashi.

Kama wekundu ndio unaanza na nyama bado ngumu, sugua kwa brashi na maji ya chumvi iliyojaa, yaliyochemshwa yakapoa, kisha anika juani mpaka akauke kweli. Kama nyama imeshalainika, usimrudishe sokoni.

Na angalia banda lako. Hewa ikiwa na unyevu unaopita asilimia 75, chumvi inaanza kunyonya maji kutoka hewani yenyewe, ndiyo maana kayabo "inatoa jasho" usiku wa masika. Jasho lile ni maji ya chumvi iliyojaa, makao kamili ya hawa ndugu. Joto nalo wanalipenda. Nyuzi 40 chini ya bati kwao ni raha. Pandisha viroba juu ya mbao, acha nafasi ukutani, usianue samaki wakiwa na moto wa jua ukawafungia humo humo.

Jiwe_la_Bismarck

Na vile vidoa vya kahawia kama pilipili manga? Hao nao ni ukoo?

Darubini_Kirumba

Hao ni ukungu, Wallemia mara nyingi. Unapenda pakavu penye chumvi. Unaharibu sura zaidi ya nyama, na dawa yake ni ile ile ya banda.

Mchuuzi_Igombe

Swali la mwisho, nikafunge mzigo. Chumvi iliyobaki chini ya lundo, ile ya mara ya kwanza. Watu wanaikusanya wanapakia samaki wa zamu inayofuata, ni rahisi kwa mfuko. Unasemaje?

Darubini_Kirumba

Hiyo ndiyo mbegu. Imeshalowa maji ya samaki, ina protini, ina wekundu wa zamu iliyopita waliokwisha kuzoea mahali. Ukiitumia tena umewapandikiza wewe mwenyewe kwa mikono. Bei ya chumvi mpya naijua, lakini piga hesabu na kiroba kimoja kilichokataliwa. Na beseni na meza zioshwe kwa maji mengi baridi kati ya zamu na zamu, zikaushwe. Kwenye mbao na saruji maji baridi yanafanya kazi yake bila kumharibia samaki yeyote.

Mchuuzi_Igombe

Ya chini ya lundo naimwaga leo. Meza nitaziosha jioni vijana wakimaliza kupasua.